Kwa nini mpira mweupe unakufuata shimoni: pool kwa anayeanza

Mpwa wangu alipoteza mechi yake ya kwanza ya maana kwa shoti nzuri kabisa. Ilikuwa Kirumba, hapa Mwanza, kwenye kibanda cha bati si mbali na mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapofikia, kipindi cha mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mwezi ukiwaka, maana taa zao zinakosa kazi, kwa hiyo siku hizo meza za pool zinajaa watu wenye muda. Mpira mweusi, ule wa mwisho wa kumalizia mechi, ulikuwa umebaki karibu na shimo la kona, kama shubiri moja hivi. Mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, ulikuwa nyuma yake kwa mbali, mstari umenyooka. Akainama, akalenga, akapiga. Mweusi ukaingia katikati ya shimo bila kugusa pembeni. Mweupe ukafika pale mweusi ulipokuwa, ukasita, kisha ukajikokota polepole na kutumbukia nyuma ya mwenzake.

Mechi ikaishia hapo. Kwenye kila meza niliyowahi kuchezea, ukiingiza mweusi na mweupe kwa shoti moja umepoteza.

"Mjomba, mweupe wa meza hii una laana," akaniambia tukiwa tunatoka.

Nilimwambia ule mpira ulifanya kile alichouagiza, na kwamba kule kusita kwake ndiko kulikokuwa na jibu. Makala haya ni maelezo niliyompa jioni ile na wiki zilizofuata, kwa sababu naona vijana wengi Mwanza wanafundishwa kuingiza mipira lakini hakuna anayewaambia mweupe unakwenda wapi na kwa nini. Mtu anacheza miaka mitatu akiamini bahati. Mpira mweupe una tabia chache, tena zisizobadilika, na kwa maoni yangu anayeanza azijue hizo kabla ya kuhangaika na shoti za kuruka na za kupinda anazoziona kwenye simu.

Kuteleza na kubingirika

Tabia ya kwanza ndiyo iliyomwangusha mpwa wangu. Ukipiga mweupe katikati kabisa ya uso wake, hauanzi kwa kubingirika. Unaanza kwa kuteleza, kama kipande cha sabuni kwenye sakafu yenye maji. Kitambaa cha meza kinaushika upande wa chini na kuanza kuugeuza, na baada ya mwendo fulani unakuwa unabingirika kama gurudumu. Kugeuzwa huko kuna gharama: ukianza bila mzunguko wowote, mpaka ubingirike kikamilifu unabaki na sehemu 5 kati ya 7 za kasi uliyoanza nayo.

Sasa fikiria unagonga mpira mwingine uso kwa uso. Kama uzito wao ni sawa, mweupe unamkabidhi mwenzake mwendo wake wote wa kwenda mbele, karibu wote, na wenyewe unabaki pale pale. Lakini mzunguko haukabidhiwi. Mipira ya pool ni laini, mguso wake ni wa kufumba na kufumbua, na sehemu ndogo mno ya mzunguko ndiyo inayovuka. Kwa hiyo mweupe uliofika ukibingirika unasimama ukiwa bado unazunguka, mithili ya tairi la daladala lililonasa matopeni: linazunguka, gari haliendi. Halafu kitambaa kinaushika, na ule mzunguko unageuka kuwa mwendo. Mweupe unaondoka tena kuelekea mbele, safari hii na sehemu 2 kati ya 7 za kasi uliyofika nayo.

Kule kusita ndiko kunasa matopeni. Mweupe wa mpwa wangu ulikuwa umesafiri zaidi ya nusu ya meza, ukafika ukibingirika, na shimo lilikuwa shubiri moja tu mbele. Sehemu 2 kati ya 7 zilitosha na kubaki.

Ukilielewa hilo, shoti tatu za msingi zinajieleza zenyewe. Ukitaka mweupe usimame pale pale, hakikisha unafika ukiwa bado unateleza, hauzunguki mbele wala nyuma. Ukiwa karibu, piga katikati. Ukiwa mbali, piga chini kidogo ya katikati ili uanze na mzunguko wa kurudi nyuma, kitambaa kiule mzunguko huo njiani, na mpira ufike umeumaliza. Ukitaka urudi kwako, piga chini zaidi na kwa nguvu zaidi, ufike ukiwa bado na mzunguko wa nyuma. Ukitaka ufuate, piga juu ya katikati. Ukiugusa kwenye urefu wa sehemu 7 kati ya 10 kutoka mezani, unaanza kubingirika mara moja bila kuteleza hata kidogo.

Mambo haya yamepigiwa hesabu zamani. Mwaka 1835 Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, yule yule ambaye wataalamu wa hali ya hewa hutumia jina lake wanapoeleza kwa nini pepo za dunia hupinda, alichapisha kitabu kizima cha hesabu za biliadi, ndugu wa pool. Mimi huona faraja katika hilo. Ina maana ukikosa, sababu ipo na inatafutika.

Kuna mpaka, lakini. Ncha ya fimbo ikigusa mbali na katikati kupita nusu ya umbali wa kufika ukingoni mwa mpira, inateleza, utasikia ule mlio mbaya na mweupe utakwenda unakojua wenyewe. Chaki ipo kwa ajili hiyo: inaongeza msuguano kati ya ngozi ya ncha na mpira. Paka kabla ya kila shoti, kwa kufagia taratibu, usiisage kama unachonga penseli. Na unapopiga chini, shusha fimbo nzima iwe karibu kulala sawa na meza. Wanaoanza wengi huinua mkono wa nyuma na kuchokonoa mpira kutoka juu. Matokeo yake mpira unaruka, au kitambaa kinachanika na mwenye meza anataka alipwe, na ana haki.

Skwea ya fundi

Shoti iliyonyooka ni rahisi kueleza. Tatizo ni kwamba kwenye mchezo halisi nyingi zina pembe, na hapo mimi nilifundishwa na fundi wa mitumbwi.

Alikuwa mzee wa makamo aliyekuwa akitoka kazini ufukweni na mfuko wake wa vifaa, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi. Siku moja nilikuwa nimeingiza mpira kwa pembe na mweupe ukanichapukia mpaka shimo la upande mwingine. Nilikuwa nimemwamkia alipofika, akaitikia, akanyamaza akitazama. Safari hii akasema, "Umeingiza vizuri, mwanangu. Mweupe ulikokwenda, ulikujua kabla?"

"Hapana, mzee."

Akatoa skwea yake mfukoni, ile ya chuma ya kupimia kona za mbao, akaipangusa kwenye suruali. Akairudisha mipira pale ilipokuwa. Kisha akaweka kona ya skwea mahali ambapo mweupe ungekuwa unaposhikana na mpira wa rangi, mkono mmoja wa skwea ukielekea shimoni. Mkono wa pili ukawa unaelekea moja kwa moja kwenye lile shimo la upande wa pili. Mwenye meza alianza kulalamika kuhusu chuma juu ya kitambaa chake, lakini mimi nilikuwa nimeshaona.

Mpira wa rangi ukigongwa, unasukumwa upande mmoja tu: kwenye mstari unaotoka kitovu cha mweupe kupita kitovu chake. Mweupe unatoa mwendo wake wote ulio kwenye mstari huo, na kilichobaki kwake ni mwendo wa kukatiza. Ndiyo maana mipira miwili yenye uzito sawa, mweupe ukiwa unateleza, huachana kwa nyuzi 90. Skwea kamili. Haijalishi umegonga kinene, yaani karibu na katikati ya mpira wa rangi, au chembamba, yaani pembeni yake, kona inabaki ile ile; kinachobadilika ni nani amechukua kasi kubwa zaidi.

Hiyo ni kwa mpira unaoteleza. Mpira unaobingirika unaanza kwenye mstari huo wa skwea, halafu mzunguko wake wa mbele unaukunja. Hapa kuna zawadi kwa anayeanza: kwa pembe nyingi za kawaida, ukiugonga mpira wa rangi kuanzia unene wa robo hadi robo tatu, yaani mweupe ukiufunika kwa kiasi hicho unapougusa, mweupe unaobingirika huishia kwenye mwelekeo ulio takriban nyuzi 30 kutoka njia uliyokuja nayo. Tanua kidole cha shahada na cha kati mpaka vikaze kidogo. Pembe iliyo kati yao, kwa watu wengi, ni karibu hiyo hiyo. Weka mkono juu ya meza, kidole kimoja kikifuata njia ya mweupe, na cha pili kitakuonyesha unakokwenda. Kikikuonyesha shimo, badilisha urefu wa kupiga.

Mpwa wangu alipojaribu hili mara ya kwanza alirudia shoti moja zaidi ya mara kumi na mbili, akitazama mweupe peke yake, mpira wa rangi akiusahau. Nilifurahi sana. Macho yake yalikuwa yamehamia yanapotakiwa kuwa.

Kulenga mpira ambao haupo

Kulenga ndiko kunakowakatisha tamaa wengi, na kosa lenyewe ni moja. Mtu anatazama mpira wa rangi, anaona ile nukta ya nyuma inayotakiwa kuguswa ili uende shimoni, kisha anaelekeza kitovu cha mweupe kwenye nukta hiyo. Lakini mweupe si ncha ya sindano, ni mpira mnene. Ubavu wake utagusa kabla kitovu hakijafika. Kila mara utakuwa umegonga kinene kuliko ulivyokusudia, na mpira utapita upande ule ule wa shimo. Kama shoti zako za pembe hukosa upande mmoja siku zote, huu ndio ugonjwa wako.

Lenga mpira ambao haupo. Chora kwa macho mstari kutoka katikati ya shimo, upite katikati ya mpira wa rangi, utokee nyuma yake. Nyuma pale, ukigusana nao, weka kwa fikra mpira mwingine. Kitovu cha mpira huo wa kufikirika ndicho kitovu cha mweupe kinachotakiwa kufika. Mwanzoni usitegemee fikra: chukua mpira halisi, uuweke pale, rudi nyuma utazame, halafu uuondoe na kupiga. Fanya hivyo siku kadhaa na jicho litaanza kuuona wenyewe.

Pembe moja ya kukariri: ukielekeza kitovu cha mweupe kwenye ukingo kabisa wa mpira wa rangi, utakuwa umeugonga nusu, na utaondoka kwa nyuzi 30. Hiyo ndiyo nguzo yangu. Shoti nyingine zote nazipima kwa kujiuliza ni nene kuliko hiyo au nyembamba.

Kuhusu mwili sitakaa sana, kwa kuwa watu wana maumbile tofauti na nimeona wachezaji wazuri wenye mikao ya ajabu. Mkono wa mbele ulale imara juu ya kitambaa, kama sentimita 20 kutoka kwenye mweupe. Kichwa kishuke mpaka kidevu kiwe juu ya fimbo. Mkono wa nyuma uning'inie kutoka kiwikoni na usogee kuanzia kiwiko kwenda chini, bega likiwa limetulia. Yule fundi alikuwa akisema fimbo ni msumeno: ukiukaba, mbao inaliwa upande. Na baada ya kupiga, usiinuke. Baki umeinama mpaka mpira ufike. Kuinuka mapema kunaharibu shoti nyingi kuliko macho mabovu, kwa sababu mwili unaanza kuinuka kabla fimbo haijamaliza kazi yake.

Meza za sarafu na mweupe wake

Kila nilichosema kuhusu uzito sawa kinahitaji tahadhari moja, na hii hata wachezaji wa siku nyingi huwa hawaijui. Meza nyingi utakazokutana nazo, Igoma, Buzuruga, Nyegezi, hata Sengerema ukivuka, ni za sarafu. Meza ya sarafu inameza mipira iliyoingia na kuifungia mpaka sarafu nyingine iingie. Lakini mweupe ukitumbukia lazima urudishwe. Ili mashine iutambue, mweupe hutengenezwa tofauti: mdogo kidogo, au mkubwa kidogo, au umewekwa chuma ndani ili sumaku iuvute.

Kwenye seti za Kiingereza, mipira ya rangi ina kipenyo cha inchi 2 na mweupe inchi 1 na 7/8. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa mipira ya malighafi moja inaufanya mweupe uwe na takriban asilimia 82 tu ya uzito wa mwenzake. Mweupe mwepesi ukigonga mpira mzito unadunda nyuma kidogo wenyewe, kwa hiyo kuusimamisha na kuurudisha ni rahisi. Mweupe mzito hufanya kinyume. Unaendelea mbele hata ukiwa unateleza, na kuurudisha kunataka kupiga chini na kwa nguvu kuliko ulivyozoea. Mtu anahama kibanda kimoja kwenda kingine, anaona mkono wake umekufa, kumbe kilichobadilika ni mpira.

Kabla ya kuanza, weka mweupe kando ya mpira wa rangi, shusha macho usawa wa meza, linganisha. Kisha piga shoti moja iliyonyooka, karibu, katikati kabisa. Mweupe ukisimama, uzito ni sawa. Ukirudi au ukisogea mbele, umejua ni wa aina gani.

Na pale pale pima meza. Mji wetu umejengwa juu ya mawe na miteremko, vibanda vingi vimesimama kwenye sakafu iliyotafutiwa usawa kwa macho, na meza zimekalia vipande vya mbao chini ya miguu. Sukuma mweupe polepole kabisa kwa mkono, upande hadi upande, uone unakunjia wapi. Pale Kirumba watu husema tu meza "inashuka ziwani", na wanajua kwamba mpira wa polepole kuelekea mashimo ya upande huo utapinda. Ukipiga kwa nguvu ya wastani mteremko unapungua makali. Msimu wa mvua kitambaa nacho hunyonya unyevu na kuwa kizito. Mipira inachoka mapema.

Sheria zinawachanganya watu zaidi kwa sababu kila mmoja anazitaja kama vile ziko aina moja. Zipo familia kubwa mbili. Moja ni ile ya mipira yenye namba, 1 hadi 7 ya rangi kamili na 9 hadi 15 yenye mistari, ambapo kwa sheria za kimataifa mpinzani wako akifanya faulo unauchukua mweupe mkononi na kuuweka popote. Nyingine ni ya mipira myekundu na ya njano, ambapo baada ya faulo unapewa shoti ya bure kabla ya zamu yako ya kawaida. Vibanda vyetu huchanganya, huongeza na hupunguza. Uliza kabla ya sarafu kuingia: faulo inalipwaje, mweusi unatajiwa shimo au hautajwi, na nikitumbukiza mweupe nikiwa nawania mweusi, bila mweusi kuingia, nimepoteza au ni faulo ya kawaida? Ugomvi mwingi niliouona kwenye meza hizi ulitokana na swali hilo la tatu. Kama kuna dau, wewe unayeanza kaa nje yake. Nimeona mtu akiacha pesa ya nauli ya Ukerewe kwenye meza kwa jioni moja, na hakuna alichojifunza, kwa kuwa mwenye pesa mezani hatazami mweupe, anatazama pesa.

Mazoezi tuliyopanga na mpwa wangu ni ya kuchosha kwa makusudi. Mpira mmoja wa rangi karibu na shimo, mweupe nyuma yake kwa mstari ulionyooka, kazi ni kuingiza na kuusimamisha mweupe pale pale. Umbali wa shubiri tatu kwanza. Ukifika mara nane katika kumi, rudi nyuma shubiri mbili. Pembe na skwea vinakuja baada ya hapo. Tunakwenda Jumapili mchana, watu wakiwa bado hawajafika, na mwenye meza hutuachia kwa bei ya sarafu chache kwa sababu anajua jioni tutanunua soda.

Kwa sasa shubiri tatu amezimaliza, na tano pia. Kwa urefu wa meza nzima mweupe bado unamfuata, maana anaogopa kupiga chini akiwa mbali, akikumbuka kitambaa alichokaribia kukichana mwezi uliopita. Wiki iliyopita alitumbukiza mweupe mara sita mfululizo. Mara ya saba ulisimama kabisa, kama uliopigiliwa msumari, na akabaki ameinama pale pale akiutazama mpaka nikamwambia ainuke, watu wanasubiri meza.